Kufundisha Habari za Ruzuku ya Vyuo vya Kilimo: Tuanzie Shambani

Utangulizi

Katika mazoezi ya kufundisha yaliyofanyika wilayani Karatu, tuliketi nyuma ya darasa la sita tukimsikiliza mwanachuo wetu akifundisha jinsi serikali inavyotumia kodi za wananchi. Andalio lake la somo lilikuwa safi. Ubaoni palikuwa na mchoro: Hazina juu, wizara chini yake, kisha chuo cha kilimo, halafu bwana shamba, na chini kabisa mkulima. Mishale ilishuka ngazi kwa ngazi. Mwalimu alieleza kwamba serikali hutoa ruzuku kwa vyuo vya kilimo ili viwafunze mabwana shamba na mabibi shamba, nao huenda vijijini kuwafunza wakulima. Alipouliza kama kuna swali, msichana mmoja alisimama, akasema: "Mwalimu, mbaazi zetu zilipokauka mwaka jana, mbona hakuja mtu kuziangalia?"

Mwalimu alijibu kwamba swali hilo halimo katika somo la siku ile, akafuta ubao. Sisi nasi yatupasa kukiri kwamba ndio tuliolikagua andalio lile na kulitia saini. Kosa lilikuwa letu sote. Swali la mtoto yule ndilo lililokuwa somo lenyewe. Tulilifukuza kwa sababu tulikuwa tumeanzia juu, mahali asipopajua mtoto wala mwalimu.

Madhumuni ya makala hii ni kuwaonyesha wanachuo njia nyingine ya kufundisha jambo hilo: kuanzia shambani na kupanda kuelekea Hazina, badala ya kuanzia Hazina na kushuka. Somo laweza kuingizwa katika vipindi vya maarifa ya jamii, jiografia au stadi za kazi, katika darasa la tano au la sita.

Mambo ambayo mwalimu hana budi kuyajua

Mwalimu asiyejua zaidi ya anachokifundisha huliogopa swali. Kwa hiyo tuanze na maarifa ya mwalimu mwenyewe.

Ruzuku ni fedha ambayo serikali huitoa kwa chombo fulani ili kifanye kazi iliyokusudiwa. Haitolewi kama mkopo, kwa hiyo hairudishwi Hazina. Marejesho yake ni kazi iliyofanyika. Katika chuo cha kilimo fedha za serikali huangukia mafungu mawili makubwa. Fungu la kwanza ni matumizi ya kawaida: mishahara, chakula, umeme, mbegu, dawa za mifugo, mafuta ya trekta. Fungu la pili ni maendeleo: madarasa, mabweni, maabara, visima na mitambo. Wageni hupenda kuonyeshwa fungu la pili, kwa kuwa jengo laonekana tangu barabarani. Hata hivyo, chuo chenye bweni jipya na shamba la mazoezi lililoota magugu hakimfunzi mtu kilimo.

Katika nchi yetu mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Bunge hupitisha makadirio kabla ya Julai, kisha fedha hutolewa kwa vipande katika mwaka mzima. Mwanachuo alishike jambo hili vizuri, maana kalenda ya Hazina na kalenda ya mvua hazikutungwa na mtu mmoja.

Historia nayo ina mafunzo. Huko Marekani, mwaka 1862, Rais Abraham Lincoln alitia saini Sheria ya Morrill. Kila jimbo liligawiwa ardhi ya umma ekari 30,000 kwa kila mjumbe wake katika mabaraza mawili ya bunge la nchi. Ardhi hiyo iliuzwa, na mapato yake yakawa msingi wa vyuo vya kufundisha kilimo na ufundi. Tuseme wazi kwamba sehemu kubwa ya ardhi ile ilikuwa imechukuliwa kutoka kwa wenyeji wa asili wa nchi ile. Mwaka 1887 sheria nyingine ilitoa fedha za vituo vya utafiti katika vyuo hivyo, na mwaka 1890 ikafuata iliyowezesha kupatikana vyuo kwa ajili ya watu weusi waliokuwa wakizuiwa kuingia katika vile vya kwanza. Mwaka 1914 ndipo ilipopitishwa sheria ya kugharimia ugani, yaani kuwapeleka wataalamu kwa wakulima. Tangu chuo hadi ugani ilipita miaka 52. Fundisho lake ni kwamba chuo, utafiti na ugani ni mafiga matatu ya chungu kimoja. Likikosekana moja, chungu hakikai.

Kwetu Tanzania, siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka kila shule iwe na shamba lake. Katika elimu ya juu, chuo cha kilimo kilifunguliwa Morogoro mwaka 1965, na hatimaye mahali pale pakawa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine mwaka 1984. Kuanzia mwaka 2011 chuo kikuu hicho kilipata msaada wa Marekani wa kuwasomesha wataalamu, katika mradi ulioongozwa na Ohio State University, ambacho chenyewe ni mtoto wa ile sheria ya mwaka 1862. Mwaka huo huo wa 2011 vyuo vya serikali vya mifugo viliwekwa chini ya wakala mmoja. Kampasi yake mojawapo iko Tengeru, kando ya barabara ya Arusha kwenda Moshi.

Fedha za kilimo zimepitia pia katika halmashauri. Programu ya Kuendeleza Sekta ya Kilimo, iliyoanza mwaka 2006, ilizipa wilaya ruzuku za maendeleo ya kilimo, za kujenga uwezo na za ugani, na wilaya iliyofanya vizuri katika tathmini ya mwaka iliweza kuongezewa. Awamu ya pili ya programu ilizinduliwa mwaka 2018. Bajeti ya Wizara ya Kilimo nayo ilipanda kutoka takriban shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi zaidi ya bilioni 750 mwaka 2022/23, na mnamo Aprili 2022 serikali iligawa pikipiki kwa maafisa ugani. Hatusemi haya ili mwanachuo ayakaririshe darasani. Twayasema ili ajue kwamba pikipiki inayopita kijijini ina historia ndefu nyuma yake.

Matayarisho

Somo hili lahitaji vipindi viwili vya dakika 40, na kazi ya nyumbani kabla ya kipindi cha kwanza. Zana zake ni chache: miche ya mazao kutoka mashamba ya jirani, mabua ya mahindi, kamba ya katani, vipande vya karatasi ngumu na chaki. Mwanachuo asisingizie ukosefu wa vifaa.

Siku tatu kabla ya somo, watoto wapewe swali moja la kuwauliza wazee nyumbani: "Ni nani aliyekufundisha kulima au kufuga hivi unavyofanya?" Mtoto aamkie, aombe ruhusa, aulize, kisha aandike jibu kwa sentensi mbili. Katika Karatu majibu mengi yatamtaja baba au babu. Wairaqw, tangu walipokuwa katika milima ya Mbulu, wanajulikana kwa kuwalaza ng'ombe ndani, kubeba samadi hadi mashambani na kuuzuia udongo usichukuliwe na maji mteremkoni. Hicho nacho ni chuo, ingawa hakijapata ruzuku hata siku moja. Mtoto akilitambua hilo hatadhani kwamba elimu ya kilimo ilianza siku lilipojengwa jengo la bati.

Majibu mengine yatamtaja bwana shamba, duka la pembejeo, redio au jirani. Yote yapokewe.

Hatua za somo: kipindi cha kwanza

Hatua ya kwanza (dakika 10). Mwalimu aweke mezani mmea wenye tatizo halisi la mahali pale. Katika Rhotia au Mbulumbulu waweza kuwa mbaazi iliyonyauka. Katika Mang'ola, kwenye mashamba ya umwagiliaji ya bonde la Eyasi, waweza kuwa kitunguu chenye madoa. Watoto waushike, waueleze, wakisie sababu. Mwalimu asikimbilie kutoa jawabu.

Hatua ya pili (dakika 15). Mwalimu aulize: "Ni nani ajuaye ugonjwa huu?" Watoto wakisema bwana shamba au bibi shamba, aulize tena: "Yeye aliujulia wapi?" Chuoni. "Chuoni aliuonaje?" Katika shamba la mazoezi. "Shamba hilo lilipandwa kwa mbegu ya nani?" Hapo ndipo neno ruzuku linapoingia, likiwa limeitwa na haja yake. Kila jibu liandikwe kwenye kipande cha karatasi na kufungwa kwenye kamba, kuanzia mmea hadi Hazina. Kisha mwalimu aulize swali la mwisho: "Na Hazina ilipata wapi?" Watoto wakitaja kodi katika sukari, sabuni na mafuta ya taa, ncha ya kamba irudishwe hadi nyumbani kwao. Kamba imekuwa duara. Mtoto ameona kwa macho yake kwamba fedha ile ilitoka kwao na ilikusudiwa irudi kwao.

Hatua ya tatu (dakika 15). Mwalimu achukue kisu, aseme: "Mmea ulikauka na hakuja mtu. Kamba ilikatika wapi?" Watoto watoe mawazo, na kila wazo lionyeshwe mahali pake. Pengine chuo hakikupata fedha kwa wakati. Pengine mhitimu hakuajiriwa. Pengine ameajiriwa lakini vijiji vyake ni vingi na makorongo yamekata njia. Pengine alikuja, akakuta watu wamekwenda mnadani. Pengine hakuna aliyempelekea habari. Mwalimu asiitetee serikali, wala asiishitaki. Kazi yake ni kumzoeza mtoto kutafuta mahali kamba ilipokatika kabla ya kulaumu kamba nzima.

Kipindi cha pili

Hatua ya kwanza: kalenda mbili (dakika 15). Watoto wachore duara mbili zenye miezi 12. Katika ya kwanza waandike mwaka wa fedha, Julai hadi Juni. Katika ya pili waandike mwaka wa shamba kama wanavyoujua: mvua za vuli mwishoni mwa mwaka, masika kuanzia Machi, mavuno ya mahindi mnamo Julai na Agosti. Kisha waulizwe: "Chuo kikipata fedha ya mbegu mwezi Mei, kitafanya nini nayo?" Tumeona watoto wakicheka kwa swali hili. Mtoto wa mkulima anajua kwamba mbegu ya Mei ni chakula cha kuku. Hapo ameelewa jambo ambalo maelezo ya saa nzima yasingelimweleza, kwamba ruzuku yaweza kuwa kamili kwa hesabu na bado ikawa bure kwa kuchelewa.

Hatua ya pili: hesabu (dakika 15). Mfano ufuatao ni wa kubuni, na mwalimu awaambie watoto hivyo. Chuo chenye wanachuo 120 kimepata ruzuku ya shilingi 60,000,000. Kila mwanachuo amegharimiwa kiasi gani? Jibu ni shilingi 500,000. Zikitolewa 36,000,000 kujenga bweni, zinabaki 24,000,000 za mafunzo, yaani shilingi 200,000 kwa kila mmoja. Sasa tuseme wote 120 wamehitimu na kuajiriwa, na kila mmoja anahudumia kaya 400. Kaya zitakazofikiwa ni 48,000, na ile ruzuku nzima ni sawa na shilingi 1,250 kwa kaya, fedha isiyotosha kununua kilo moja ya sukari. Lakini wakiajiriwa 10 tu, kaya zitakuwa 4,000, na gharama itapanda hadi shilingi 15,000 kwa kaya. Fedha ni ile ile, chuo ni kile kile. Watoto waulizwe ni nini kilichobadilika.

Hatua ya tatu: barua (dakika 10). Darasa litunge barua rasmi ya kumwalika afisa ugani wa kata, ikipitia kwa mwalimu mkuu. Barua itaje tatizo moja, mahali lilipoonekana na tangu lini. Isiombe msaada wa jumla. Barua inayosema "mbaazi zinakauka kuanzia juu kabla ya kutoa maua" humsaidia mtaalamu kuliko inayosema "tuna shida za kilimo".

Tulilirudia somo hili muhula uliofuata katika darasa lile lile, na barua ikapelekwa. Haikujibiwa mara moja, lakini bibi shamba alikuja. Aling'oa mbaazi moja iliyonyauka, akaupasua ufito kwa kisu, akawaonyesha watoto michirizi ya kahawia ndani yake. Akasema huo ni mnyauko unaotokana na kuvu aishiye udongoni miaka mingi. Mimea iliyokufa ing'olewe na kuchomwa, shamba lizungushiwe mazao mengine, na itafutwe mbegu inayostahimili. Msichana wetu akamwuliza alijifunzia wapi kupasua ufito. Akajibu kwamba ni chuoni, katika kipande cha shamba kilichoachwa kiugue kwa makusudi ili wanachuo wauone ugonjwa. Tulifurahi kusikia hivyo. Kipande cha shamba kilichougua hakionyeshwi mgeni rasmi, lakini ndicho kilichowafikia watoto wale.

Kufundisha somo hili Ngorongoro

Kutoka Karatu hadi lango la hifadhi ya Ngorongoro si mwendo mrefu, lakini somo haliwezi kuhamishwa jinsi lilivyo. Mwanachuo wetu mwingine, aliyepangiwa shule iliyomo ndani ya hifadhi, alifika na andalio la kutengeneza matuta ya mahindi. Mvulana mmoja akamwambia kwa adabu: "Mwalimu, huku kulima kumekatazwa."

Mtoto alikuwa na haki. Hifadhi ya Ngorongoro ilianzishwa mwaka 1959 ili wafugaji na wanyamapori wakae pamoja. Kilimo kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa mwaka 1992, kisha kikapigwa marufuku tena mwaka 2009. Kuna wazee ambao katika maisha yao wameyaona yote matatu. Mwalimu anayefundisha matuta mahali hapo humfundisha mtoto moja kati ya mambo mawili: ama kuvunja sheria, ama kwamba elimu ya shule haimhusu. Yote mawili ni madhara.

Je, somo la ruzuku liachwe? Hasha. Kamba ianzie zizini badala ya shambani. Meza iwekwe kupe aliyekufa ndani ya chupa, au nyasi za aina mbili, zile ng'ombe anazozipenda na zile anazoziacha. Swali liwe: "Ni nani ajuaye ugonjwa unaoletwa na kupe huyu?" Watoto wa Kimaasai watawataja baba zao kwanza, na ni sahihi, maana ujuzi wao wa malisho na maradhi ya mifugo ni mkubwa. Kisha atatajwa bwana mifugo, na kamba itapanda hadi chuo cha mifugo, pengine Tengeru, na kutoka huko hadi Hazina. Duara mbili zichorwe vilevile, ila ya pili iwe ya malisho na maji: miezi ya kuhama, ya kuogesha na ya kuzaa ndama.

Mwanachuo akumbuke pia kwamba Wilaya ya Ngorongoro ni pana kuliko hifadhi. Katika tarafa ya Sale, Wasonjo, wanaojiita Watemi, wamekuwa wakimwagilia mashamba yao kwa mifereji tangu kale. Huko kamba yaweza kuanzia kwenye mfereji. Kabla ya kuandika andalio la somo, mwanachuo aulize: hapa watu huishi kwa nini, na sheria inaruhusu nini?

Makosa ya kuepuka

Kosa la kwanza ni kuligeuza shamba la shule kuwa mahali pa adhabu. Mtoto aliyepewa jembe kwa sababu alichelewa hawezi kuamini kesho yake kwamba kilimo ni elimu. Vizazi kadhaa vimeondoka shuleni vikilichukia jembe kwa sababu hiyo.

Kosa la pili ni kusifu ruzuku kwa ukubwa wa tarakimu zake. Tumfundishe mtoto kuuliza maswali matatu: Ilifika? Ilifika wakati gani? Ilibadili nini shambani au zizini?

Kosa la tatu ni kulikimbia swali gumu. Mwalimu akisema "sijui, tutafute pamoja" hapotezi heshima. Aifutapo kamba ubaoni kabla mtoto hajapata jibu, ndipo anapoipoteza.

Hitimisho

Sisi wakufunzi na ninyi wanachuo twaishi kwa ruzuku pia. Viti tunavyokalia, chaki tunayoandikia, na mara nyingi hata nauli ya kwenda mazoezini, zimetoka katika sukari na sabuni zilizonunuliwa na watu tusiowajua, wengi wao wakulima na wafugaji. Kwa hiyo kamba ile yatupitia na sisi. Siku mwanachuo atakaposimama mbele ya darasa lake la kwanza, iwe Endabash au Endulen, yeye ndiye kipande cha mwisho cha karatasi kabla ya mtoto. Ajitahidi isikatikie kwake.

Maswali ya kujipima

1. Taja tofauti ya ruzuku na mkopo kwa maneno ambayo mtoto wa darasa la tano atayaelewa bila msaada.

2. Chagua tatizo moja la mazao au mifugo katika kijiji ulichopangiwa mazoezi. Chora kamba yake kutoka shambani au zizini hadi Hazina, uonyeshe mahali pawili inapoweza kukatika.

3. Chora kalenda mbili, ya fedha na ya mvua, kwa wilaya ya kwenu. Ni mwezi gani ulio wa mwisho kwa fedha ya mbegu kuwa na faida?

4. Mzazi analalamika kwamba umewafundisha watoto kuihoji serikali. Andika jibu lako kwa heshima, lisizidi maneno 100.